Fundi wa bodi wa Changamwe na Datsun 240Z ya ami

Sikutaka kuandika haya kabla masika hayajapita juu ya kazi ya mzee huyu. Yamepita. Juzi nimelipiga gari jeki, nikaweka stendi, nikalala chini na tochi nusu saa nzima nikitafuta unyevu. Pakavu kote. Sasa naweza kusema kwa moyo mweupe: ukiwa Pwani na gari kuukuu, na kutu imeshaingia kwenye mifupa, huyu ndiye wa kumwendea.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, silinda sita, alilotuachia ami yangu, Mungu amrehemu. Alilinunua kwa mtu kwa sababu ya Safari Rally, yale mashindano ya magari yaliyokuwa yakifanyika Pasaka. Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda na 240Z mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena. Hadi uzeeni ami akikusimulia Pasaka zile utadhani alikuwa ndani ya gari. Tatizo ni kwamba alikaa Likoni na kazi yake ilikuwa Shimanzi. Miaka na miaka alipanda feri asubuhi na jioni, magurudumu yakikanyaga maji ya chumvi pale gatini, na usiku gari likalala nje kwenye upepo wa bahari. Bati la magari haya ni jembamba. Halafu halina chesisi ya kujitegemea kama pikapu: sakafu, vizingiti vya milango na reli zilizochomelewa chini ndivyo vinavyolibeba. Vikioza hivyo, injini nzima ya kupendeza haina pa kukaa.

Dalili niliiona mlangoni. Gari likiwa chini, mlango wa dereva ulifunga sawasawa. Nikilipiga jeki, mlango unakwama, haufunguki hadi nilishushe. Mtu akikuambia hizo ni bawaba zimechoka, usikubali haraka. Mara nyingi ni gari linalopinda katikati kwa sababu kizingiti hakina nguvu tena.

Kwanza nilikosea njia. Nilipeleka gereji moja mjini, sitaitaja, wakakaa nalo wiki mbili, wakanitoza shilingi 60,000, wakanirudishia gari limepakwa lami nyeusi chini, linang'aa kama jipya. Nilifurahi miezi saba. Mwezi wa nane zulia la upande wa abiria likaanza kunuka.

Ndipo jamaa mmoja wa matatu akanielekeza kwa mzee huyu. Karakana yake haina kibao. Ni uwanja uliozungushiwa mabati, mwembe mmoja, na nyuma kuna jirani anayetengeneza mageti, ambaye mashine yake ya kukunja bati nitaitaja tena.

Hakuniuliza nina pesa ngapi. Alichukua bisibisi nene, akaanza kugonga kizingiti kwa mpini wake, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, sikio karibu kabisa na bati. Ti, ti, ti, ti, halafu pu. Hapo kwenye pu aliweka alama ya chaki. Alipomaliza upande mmoja nilihesabu alama tisa. Kisha akageuza bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu pasipo nyundo, ikazama hadi kwenye mpini. Akaikwangua ile lami, akavuta, na kikatoka kipande cha puti, ule ugoro wa kuzibia mashimo ya bodi, kinene kama vidole viwili. Ndani yake kulikuwa na wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu. Elfu sitini zangu zilikuwa wavu na puti.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa dogo kuliko hilo. Chini ya kizingiti mna vitundu ambavyo kiwanda kiliviacha makusudi ili maji yachuruzike. Wale mafundi walikuwa wameviziba vyote kwa lami. Mzee alipozibua kimoja kwa msumari, maji yalimwagika meusi kama chai ya strungi, yakaendelea kumwagika hata nikaona aibu kusimama pale. Maji hayo yalikuwa yameshinda ndani miezi yote hiyo, yakila bati kutoka ndani, na mimi nikiliosha gari kila Jumamosi.

Akaniambia, "Mwanangu, hii si kutu ya kupaka rangi. Hii ni ya kukata. Ukitaka nianze, nipe muda, na usinihimize."

Kazi aliyoifanya nitaieleza kidogo, kwa sababu ndiyo unayoilipia. Kabla ya kukata chochote alitoa betri, akatoa tangi la mafuta na kuliweka mbali kabisa na uwanja. Akachomelea mabomba ya mraba kwenye matundu ya milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili gari lisijikunje. Akapima mshazari kwa utepe, akaandika milimita kwa chaki ukutani, na namba zile hazikufutwa hadi mwisho wa kazi. Alikata upande mmoja tu kwanza. Nilipouliza kwa nini asikate pande zote akaokoa muda, alinijibu kwamba upande mzima ndio ramani ya upande mbovu.

Chini ya zulia mlikuwa na yale mazulia ya lami ya kiwandani ya kuzuia kelele. Juu yanaonekana mazima. Alipoyabandua kwa patasi, sakafu ilibanduka nayo. Chini ya betri vilevile: tindikali ilikuwa imeshuka kwenye reli ya mbele, ikaila hadi unaona ardhi.

Paneli mpya za 240Z zinauzwa ng'ambo, lakini usafiri wake hadi Mombasa ungenimaliza. Mzee alizitengeneza mwenyewe. Alikata violezo vya katoni, akavijaribu, akavirekebisha, kisha akaenda kwa jirani wa mageti kukunja bati la geji 18, na la geji 16, nene zaidi, kwa zile reli. Alitoboa vitundu vya kuchomelea kila baada ya vidole vitatu, akapaka praima ya zinki katikati ya bati na bati, ndipo akachomelea kwa mashine ya waya na gesi. Ile ya vijiti hakuigusa; alisema kwenye bati jembamba hivi inatoboa kuliko inavyoshika. Alichoma nukta hapa, akahamia kule, akasubiri bati lipoe. Kuna siku nilikaa kuanzia saa tatu hadi saa nane nikamwona amemaliza kipande kisichofika urefu wa mkono. Sikumhimiza.

Mwisho akapuliza nta ndani ya vizingiti na reli kwa mrija mrefu, hadi ikachuruzika kwenye vile vitundu vya maji. Akavizibua kimoja kimoja kwa waya, akaniita nivione vikiwa wazi.

Kasoro zipo. Aliniambia wiki tano, zikawa kumi na moja. Simu hapokei, ukitaka habari za gari lako, nenda mwenyewe. Risiti aliyonipa ni karatasi ya daftari, ingawa kila bati na kila chupa ya gesi viliandikwa: kazi 148,000, vifaa 37,500. Rangi si fani yake. Chini amepaka vizuri na kwa uzito, lakini mbele ya gurudumu la nyuma la kushoto, ile kona ya bodi imelala kidogo kuliko ya kulia. Anayezijua hizi gari ataiona. Mpaka rangi mtafute kwingine, na umpe mzee nafasi ya kuikagua kazi kabla haijafunikwa.

Bei hiyo ni kubwa kwa wengi wetu, najua. Ila nilipolipa nilipewa pia gunia. Ndani mlikuwa na kila kipande kilichokatwa, kimeandikwa kwa chaki kilitoka wapi. Vipande vya kizingiti vilivyotoboka kiasi cha kupenyeza vidole vitano, nilivipenyeza. Na siku ya kulichukua, kabla sijawasha, mzee alilipiga jeki palepale pembeni ya mlango wa dereva, mahali ambapo zamani jeki ilikuwa inazama. Gurudumu likainuka. Akaniashiria kwa kidevu. Nikavuta kitasa, mlango ukafunguka. Nikausukuma kwa kidole, ukafunga.

Nina miadi naye tena Desemba, kaskazi ikiwa imeanza, ya kuongeza nta na kuvipitia vile vitundu. Ukitaka kwenda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mpelekee gari likiwa limeoshwa chini, na usipake kitu chochote juu ya kutu kabla hajaigonga.