Nilibadilisha shokapu na bushi za Toyota IST yangu: ulaji wa mafuta ulipungua kiasi gani?

Gari ninalolizungumzia ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lenye injini ya lita moja na nusu, ambalo nalitumia kila siku Dar es Salaam na mara kwa mara kwa safari za Morogoro, takribani kilomita 190 kwenda. Lilikuwa limeanza kugonga chini kila lilipovuka tuta, lilivuta kushoto usukani ukiachiwa, na matairi ya mbele yalikuwa yamebaki kipara upande wa ndani ilhali upande wa nje bado ulikuwa mzima. Muuzaji mmoja wa spea kule Gerezani, Kariakoo, alinihakikishia kuwa nikifunga shokapu mpya nitaokoa robo ya mafuta. Niliamua kupima mwenyewe, na jibu nililolipata ni kwamba mafuta yalipungua kidogo, lakini shokapu hazikuhusika na upungufu huo.

Upimaji wenyewe ulikuwa rahisi, ila unahitaji uvumilivu. Nilijaza tangi mpaka pampu ijikate, nikaandika kilomita, nikaendesha, kisha nikarudi kujaza kwenye sheli ileile na pampu ileile, nikagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Nilihesabu safari za Morogoro tu, kwa sababu foleni ya mjini hubadilika kila siku na inaweza kuficha au kubuni tofauti yoyote. Kabla ya kugusa kitu chochote nilijaza upepo kwenye matairi yote kama kibandiko cha mlangoni kwa dereva kinavyoelekeza, kwa kuwa upepo peke yake unagusa mafuta: Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila pauni moja ya mgandamizo (PSI 1) inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji kwa takribani asilimia 0.2. Mtu anayefunga spea mpya na kujaza upepo siku hiyohiyo hawezi kujua kipi kimemsaidia. Katika hali hiyo, gari langu lilikwenda kama kilomita 13 kwa lita.

Nilianza na shokapu, zote nne, aina ya KYB. Za mbele zilikuwa zinavuja mafuta yake ya ndani, na ukibonyeza gari kwa mkono lilinesa zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Mabadiliko ya uendeshaji yalikuwa makubwa: gari lilikaa barabarani, halikuinamisha pua kwa nguvu nilipofunga breki, na mashimo hayakulirusha tena pembeni. Kwenye mafuta, hata hivyo, sikuona tofauti yoyote ninayoweza kuiamini. Ukifikiri kazi ya shokapu, hilo halishangazi. Kazi yake ni kumeza mneso wa springi na kuugeuza kuwa joto; hairahisishii injini kazi ya kulisukuma gari mbele.

Siku niliyofunga shokapu nilitaka pia kufanya wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, lakini fundi wa mashine alikataa kuchukua fedha yangu, na nilimheshimu kwa hilo. Alilinyanyua gari, akalishika tairi la mbele pande zake za kushoto na kulia, akalitikisa, na tairi likacheza huku usukani umetulia. Hiyo ilikuwa tairodi endi, kiungo cha mwisho kati ya usukani na gurudumu. Kisha akaingiza mtaimbo kwenye bushi (kiungo cha mpira) kubwa ya nyuma ya mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na fremu ya gari, na kuusukuma taratibu. Mpira ulifunguka ufa mrefu uliozunguka bomba la chuma la katikati, na mkono mzima ukasogea mbele na nyuma. Alinieleza kwamba kila nikikanyaga breki au kuingia shimoni gurudumu lile hubadilisha mwelekeo, hivyo vipimo ambavyo mashine ingeonyesha gari likiwa limesimama visingedumu hata mpaka getini.

Tulibadilisha bushi za mikono ya chini, boljointi (viungo vya duara vinavyoruhusu gurudumu kukata kona), tairodi endi na linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), ndipo alaimenti ikafanyika. Mashine ilionyesha kuwa matairi ya mbele yalikuwa yanatazama nje badala ya kwenda karibu sambamba. Kwenye IST marekebisho haya hufanyika mbele, kwenye tairodi. Ekseli ya nyuma ni boriti moja isiyo na boliti ya kurekebishia mwelekeo wa magurudumu.

Hapo ndipo mafuta yalipopungua. Safari zilizofuata zilinipa kama kilomita 13 na nusu kwa lita, yaani akiba inayokaribia asilimia 4, na iliendelea kuonekana safari baada ya safari. Sababu yake inaweza kuonekana kwa hesabu ndogo. Tairi lililopinda kwa digrii moja tu kutoka kwenye mwelekeo wa gari huburutwa kando kiasi cha mita 17 katika kila kilomita moja. Nguvu ya kuliburuta inatoka kwenye injini, na mpira unaosagika ndio ule uliokuwa umepotea upande wa ndani wa matairi yangu.

Kuna jambo moja ambalo anayetaka kupima kama mimi anapaswa kulitazamia. Baadaye nilipofunga matairi mapya mbele, sehemu ya akiba hiyo ilitoweka. Tairi jipya lina mpira mnene unaobonyea zaidi linapozunguka, kwa hiyo huviringika kwa uzito kuliko tairi la aina hiyohiyo lililochakaa. Tena, tairi lililolika lina mzingo mdogo kidogo, hivyo dashibodi huhesabu kilomita nyingi kuliko zile gari lilizokwenda. Anayebadilisha bushi na matairi kwa mkupuo mmoja anaweza kudhani fundi hakufanya lolote, kumbe matairi mapya yamefunika faida ya alaimenti.

Kwa upande wa fedha, alaimenti ilinigharimu chini ya nusu tangi ya petroli, lakini spea na ufundi kwa jumla vilizidi bei ya matangi manne. Kwa akiba ya asilimia 4, tangi moja huokolewa kila baada ya matangi 25, kwa hiyo ningehitaji kujaza zaidi ya mara 100 ili mafuta peke yake yarudishe gharama, hata bei kikomo za EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, zipande au zishuke vipi. Anayekuuzia shokapu kwa ahadi ya mafuta hakutendei haki. Nilichonunua hasa ni breki zinazolisimamisha gari likiwa limenyooka na matairi yatakayodumu, na kwa vitu hivyo viwili ningelipa tena bila kusita.

Gari linalokugongea chini na kula matairi upande mmoja lipeleke kwa fundi atakayelinyanyua na kukuonyesha kila kilichochakaa kabla hajataja bei. Bushi zikishafungwa, hakikisha boliti zake zinakazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira hubaki umejisokota muda wote na hupasuka mapema, na alaimenti uliyoilipia huharibika pamoja nao. Fundi wangu alizikaza gari likiwa chini bila kuambiwa, na mpaka sasa matairi ya mbele yanalika sawa pande zote mbili.