Bao la kete na gemu ya mpira: tabia hujionesha wapi zaidi?

Kwenye baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar, mcheza bao huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, akiziteremsha moja moja katika hatua ya kwanza, iitwayo namua. Hapo ndipo mwenye pupa huivunja nyumba yake (shimo lake maalumu la kuwekea kete nyingi) mapema, na mtulivu huilinda mpaka mwenzake aishiwe na mbinu. Gemu ya mpira kwenye televisheni hupima jambo jengine: wepesi wa vidole, na namna mtu anavyolipokea goli la dakika ya mwisho. Jirani yangu mmoja, mpole kupindukia, akishika pedi hupiga kelele kama dalali wa samaki Malindi. Hata hivyo, mimi naliamini bao zaidi, kwani gemu humbeba aliyechagua timu kali, ilhali kete 64 hugawanywa sawasawa.