Tahadhari: kadi za uongo za Raspberry Pi zinauzwa hapa Lubumbashi

Ndugu zangu mnaotumia kompyuta ndogo za bodi moja, nawaomba mjihadhari na muuzaji anayetangaza katika makundi ya WhatsApp ya hapa Lubumbashi kadi za kumbukumbu za microSD za gigabaiti 128, zikiwa na mfumo endeshi wa Linux uliokwisha kuwekwa kwa ajili ya Raspberry Pi 4, mojawapo ya kompyuta hizo. Hana duka wala ligablo, yaani kibanda cha kuuzia. Hukutana na mnunuzi katikati ya mji, hupokea dola 12 mkononi na hatoi risiti. Nilinunua kadi tatu kwake, na zote tatu ni za uongo.

Udanganyifu huu hauonekani siku ya kwanza. Nilipoijaribu kadi mbele yake, taa ya kijani ilipepesa, mfumo ukafunguka, na kompyuta ikaonyesha gigabaiti 128 kamili. Kumbe ukubwa huo ni tarakimu tu, ambazo kidhibiti kilicho ndani ya kadi kimepangwa kuzitaja. Nafasi halisi haikufika hata gigabaiti 8. Kwa kuwa mfumo endeshi hukaa mwanzoni mwa kadi, kompyuta huwaka bila tatizo mpaka siku utakapoijaza. Mimi niliijaza kwa Wikipedia ya Kifaransa, ili wanafunzi wa mtaa wa Katuba wasio na intaneti wapate kuisoma, na data yote iliyopita nafasi halisi ikapotea au ikaandikwa juu ya ile iliyotangulia, pasipo onyo lolote. Asubuhi yake kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilikwama, ikidai kwamba haiwezi kufungua mfumo wa mafaili. Kadi ya pili ilifika pabaya zaidi: taa ya kijani ilipepesa mara nne na kurudia, alama ya kwamba bodi haioni hata faili la kuanzia.

Nilipoteza wiki mbili nikilaumu umeme, na sikuwa bila sababu, kwa maana umeme wetu hukatika mara kwa mara na kuzimika kwa ghafla huweza kweli kuharibu kadi iliyo nzima. Nilinunua hata chaja mpya ya volti 5 na ampea 3, kama Raspberry Pi 4 inavyohitaji. Hatimaye nilichomeka kadi yangu ya zamani ya gigabaiti 16, na bodi ileile, kwa chaja ileile, ikawaka papo hapo. Amri vcgencmd get_throttled ilijibu 0x0, maana yake umeme haukuwa umeshuka tangu bodi iwashwe. Hapo nikajua kwamba kosa ni la kadi.

Nilipompigia simu, muuzaji alinijibu: "Papa, kadi nilikupa ikiwa nzima, bodi yako ndiyo imekufa." Jibu hilohilo amewapa wenzangu wawili, na mmoja wao, jambo linaloniuma sana, alikwisha kuitupa bodi nzima iliyomgharimu akiba ya miezi.

Basi msikubali kipimo cha kuwasha tu. Nendeni na laptop yenye Linux na kisoma kadi cha USB, mkaipime kadi kwa programu ya f3probe kabla ya kutoa pesa. Huchukua dakika chache na hutaja ukubwa wa kweli. Nyumbani, programu za f3write na f3read huijaza kadi yote kisha huisoma tena, kazi ya saa nyingi lakini yenye uhakika zaidi. Anayetumia Windows ana programu ya H2testw kwa kazi hiyo. Muuzaji akikataa kadi isipimwe, msinunue.

Aliyekwisha kununua kwake, na kompyuta yake bado inawaka, asiongeze faili lolote wala asianze kupima leo. Anakili kwanza kila kinachosomeka kwenye diski nyingine, kwa sababu kila kinachoandikwa sasa kinaweza kufuta kilichobaki.