Uraia wa Ladonia: uzoefu wangu na nchi isiyokupeleka popote

Nimekuwa raia wa Ladonia kwa miaka miwili sasa, na kwa kuwa ndugu kadhaa wamekwisha kuniuliza kama uraia huo unafaa kwa lolote, nimeona heri niandike namna nilivyoupata na jinsi ulivyonifaa. Ninaishi Helsingborg, kusini mwa Sweden, lakini nimezaliwa na kukulia Tanga. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ya binamu yangu, ambaye habari zake zinakuja.

Kwa asiyeifahamu, Ladonia ni nchi iliyojitangaza tarehe 2 Juni 1996 kwenye kipande cha ufuko wa mawe chenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba hivi, ndani ya hifadhi ya mazingira ya Kullaberg, kusini mwa Sweden. Chanzo chake ni ugomvi wa ujenzi. Msanii Lars Vilks alianza mwaka 1980 kuunganisha magogo na mbao zilizosukumwa ufukoni na bahari, akazigongelea misumari mpaka ukatokea mjengo wa minara na vichochoro aliouita Nimis, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kupita kiasi. Mahali penyewe hapafikiki ila kwa miguu au kwa chombo cha majini, hivyo wenye mamlaka walikaa miaka miwili bila kujua, na walipojua waliamuru ubomolewe kwa kuwa hifadhini hairuhusiwi kujenga. Kesi zikafuatana. Wakati huo Nimis ikanunuliwa na msanii Joseph Beuys, kisha baada ya kifo chake mwaka 1986 ikawa mali ya msanii mwingine, Christo, na Vilks hakutulia, kwani mwaka 1991 alikwisha kusimamisha mjengo wa pili wa mawe na zege, Arx. Mwishowe akaona njia fupi ya kumaliza ubishi na dola ni kuwa dola mwenyewe.

Kuomba uraia ni rahisi kuliko kusajili laini ya simu. Nilijaza fomu kwenye intaneti, sikulipa senti, sikuombwa alama za vidole wala taarifa ya benki, na jibu likaja kwa barua pepe. Kinacholipiwa ni vyeo vya kimwinyi, kwa anayependa kuitwa kwa cheo. Mimi niliviacha, maana kwetu mwinyi asiye na minazi huchekwa. Kodi ipo, ila hailipwi kwa fedha: raia anatakiwa atoe sehemu ya ubunifu wake. Bendera ni ya kijani, yenye msalaba wa Kinordiki, kama ule wa bendera ya Sweden, wa kijani hicho hicho, kwa maelezo kwamba rangi hiyo ndiyo itakayopatikana ukiichemsha bendera ya Sweden, ya buluu na manjano.

Sasa nije kwenye mambo ya nje, ambayo ndiyo hasa yaliyonivuta. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja sifa nne za dola, nazo ni watu wa kudumu, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Ladonia ina malkia, ina mawaziri, na raia wake walioandikishwa wanazidi 20,000 duniani kote, lakini hakuna hata mmoja anayeishi ndani ya mipaka yake, na hakuna dola hata moja inayoitambua. Ukiwa raia, basi, umejiunga na nchi ambayo kwayo kila mtu ni mgeni, na mambo yake yote kwa hakika ni mambo ya nje. Mimi jambo hilo lilinifurahisha sana, labda kwa sababu maisha yangu ya Helsingborg nayo yanafanana nalo kidogo.

Binamu yangu halikumfurahisha. Nilipomtumia picha ya cheti changu kwa mzaha, aliniandikia mara moja: "Hongera kaka. Na sisi huku tunaombaje? Ukishapata hicho, Sweden unaingia bila viza?" Nilianza kucheka, kisha nikaacha, kwa kuwa nilikumbuka kilichotokea mwaka 2002, ambapo Wapakistani wapatao 3,000 waliomba uraia wa Ladonia wakitaka kuhamia huko. Hawakuwa wajinga. Walikuta nchi ya Ulaya Kaskazini yenye malkia, bendera na fomu isiyo na malipo, na mtu aliyekwisha kuzoea kunyimwa hati hawezi kulaumiwa kwa kuichukulia hati kwa uzito. Mzaha wa makaratasi humchekesha zaidi yule ambaye makaratasi yake yametimia.

Kwa hiyo naeleza wazi: hati ya Ladonia haikuvushi mpaka wowote, haikupi haki ya kuishi wala kufanya kazi Sweden, na usithubutu kuionyesha kwa ofisa wa uhamiaji. Anayetaka kuja kuishi au kufanya kazi aanze na Migrationsverket, yaani mamlaka ya uhamiaji ya Sweden. Binamu nilimtumia maelekezo hayo jioni ile ile.

Nilikokwenda kwa hakika ni Ladonia yenyewe. Njia inaanzia shamba la kale la Himmelstorp, nawe unafuata herufi N za manjano zilizopakwa mitini mpaka mteremko mkali wa mizizi na mawe unaotaka viatu vya soli ngumu na magoti ya ujana. Chini ukaona bahari, na mbele yake magogo yaliyokauka na kuwa meupe kama mifupa ya nyangumi. Nilipenya vichochoro vyake nikiinama, nikichunga misumari, nikapanda mnara mmoja tu na kuuacha ule wa juu zaidi kwa vijana. Vilks alifariki mwaka 2021.

Nimejaribu kuipa nyota na nimeshindwa, maana sijui nipime wizara au nipime sanaa. Binamu naye amejaza fomu wiki iliyopita, safari hii akijua anachokiomba, na kwenye kodi ya ubunifu anasema atalipa kwa mashairi.