Uzoefu wangu wa kujiundia kompyuta ya gemu: wati zilizoandikwa na wati zilizopo

Miezi kumi na mmoja imepita tangu nilipokaa chini kwenye sakafu ya sebule yetu, hapa Dar es Salaam, nikaunganisha kwa mikono yangu kompyuta ya kuchezea gemu. Bajeti yangu ilikuwa shilingi milioni moja na laki nane bila kuhesabu skrini, na lengo langu lilikuwa dogo: gemu za kawaida kwa ubora wa picha wa 1080p (Full HD), zisikwamekwame. Kwa jumla nimeridhika nayo, ingawa kuna kifaa kimoja nilichokidharau ambacho kilinilazimisha kulipa mara mbili.

Upande wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, sikusumbuka sana. Nilichukua Ryzen 5 5600 ya AMD, yenye viini sita na nyuzi kumi na mbili, kwa sababu soketi yake ya AM4 inatumia RAM za DDR4 na bao zake (motherboard, yaani ubao unaobeba vifaa vyote) hupatikana madukani kwa bei inayovumilika. Muuzaji alinishauri nichukue 5600G, akidai kuwa ni ile ile ila imeongezewa michoro ndani yake. Si ile ile: kumbukumbu yake ya ndani ya L3 ni MB 16 badala ya 32, na inaishia kwenye PCIe 3.0, kizazi cha zamani cha njia zinazounganisha kadi na ubao. Kwa mtu asiye na fedha ya kadi ya michoro kwa sasa, 5600G ni chaguo la busara. Mimi nilikuwa na fedha ya kadi, nikakubali kwamba siku kadi itakapoharibika nitabaki na skrini nyeusi, kwa kuwa 5600 haina michoro yake yenyewe.

Kadi ndiyo iliyonichukulia muda. Nilivutwa na RX 6500 XT mpya iliyokuwa na bei nzuri, lakini kadi hiyo ina GB 4 tu na inaunganishwa kwa njia nne za PCIe, hivyo ukiiweka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 inapoteza sehemu ya nguvu ambayo tayari ni ndogo. Nikaamua kununua RX 6600 iliyotumika, yenye GB 8. Tangu sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro mwezi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingia kwenye soko la mitumba, kwa hiyo niliomba iwashwe dukani na ichezeshwe gemu kwa nusu saa huku nikitazama joto na kusikiliza feni. Nilikuja pia na programu ya GPU-Z, inayosoma utambulisho wa kadi ya michoro, kwenye flashi, kwa kuwa wiki moja kabla, katika duka jingine, nilionyeshwa GTX 1050 Ti ya bei ya kutupa, na programu hiyo ikaandika neno FAKE, yaani bandia, mbele ya jina la kadi. Ndani yake kulikuwa na chipu ya zamani mno iliyobadilishiwa BIOS (programu yake ya msingi) ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Muuzaji aliniambia, “Kaka, hiyo programu ndiyo mbovu.” Nilishukuru, nikaondoka.

Baada ya ubao wa B550, RAM mbili za GB 8 na diski ya SSD ya NVMe ya TB 1, fedha zilikuwa zimekaribia kwisha, na hapo ndipo nilipokosea. Kasha nililolinunua lilikuja na pawasaplai yake ya bure, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa vifaa vyote vya ndani, iliyobandikwa wati 500. Nikajiambia kwamba wati 500 zinatosha na kuzidi.

Kwa siku tatu za mwanzo hakukuwa na tatizo, kwa sababu nilikuwa nikisakinisha Windows na kupakua gemu. Nilipoanza kucheza, kompyuta ikawa inazimika ghafla, bila kuganda kwanza wala kuonyesha skrini ya bluu, kama vile mtu amechomoa waya ukutani. Nikalaumu kadi ya mtumba, kisha RAM, kisha umeme wa mtaani. Fundi mmoja, mzee mtaratibu, alifungua kasha, akainyanyua pawasaplai kwa vidole viwili na kuniuliza, “Mwanangu, hii umeisoma?” Kwenye kibandiko, chini ya zile 500 za herufi kubwa, laini ya volti 12, ndiyo inayolisha prosesa na kadi, ilikuwa imeandikwa ampea 18. Zidisha: ni wati 216. Kadi yangu peke yake huhitaji takriban wati 132, na prosesa inaruhusiwa kufika 76, kwa hiyo zilikuwa zinabaki wati nane za kuendeshea kila kitu kingine, tena kabla ya kuhesabu miruko ya ghafla ambayo kadi za kisasa huifanya kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Nilinunua ya wati 550 yenye ampea 45 kwenye laini hiyo, yaani wati 540 za kweli, na tangu siku hiyo haijazimika hata mara moja. Ina alama ya 80 Plus Bronze, ingawa alama hiyo inapima jinsi kifaa kinavyogeuza umeme bila kupoteza mwingi kama joto. Haikuhakikishii kuwa kitadumu.

Mengine ni madogo. RAM zangu zilizouzwa kama 3200 zilikuwa zikikimbia kwa 2400 mpaka nilipowasha XMP, mpangilio wa kuzipa kasi yake kamili, kwenye BIOS ya ubao, na skrini ya hezi 144 ilikaa wiki nzima kwenye 60 kwa sababu sikuibadilisha kwenye Windows. Feni iliyokuja na prosesa ilifaa hadi Januari. Joto la Dar lilipopamba moto ikaanza kupiga kelele, nikaibadilisha. Matumizi ya umeme ni karibu wati 250 ninapocheza, kwa hiyo saa nne hula uniti moja ya LUKU.

Mwezi uliopita niliongeza UPS, betri ya akiba, maana umeme hukatika bila taarifa. Imeandikwa 650 kwa herufi kubwa mbele, lakini hizo ni VA (volti mara ampea), si wati. Wati zake ni 360, na zimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Safari hii niligeuza nyuma kwanza.