Waya wa kamera unaocheza: upi ununue Tanga, upi uuache dukani

Bibi harusi yuko mlangoni, taarabu imeshapandishwa sauti, na skrini kubwa ya ukumbini ikawa nyeusi. Ikarudi. Ikazima tena. Kamera ilikuwa nzima, skrini nzima. Kibovu kilikuwa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kutoka kamera hadi skrini, nilioununua asubuhi ile Ngamiani, kichwa chake kikicheza tunduni kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kazi ile niliimaliza nimekishikilia kichwa cha waya kwa kidole gumba cha kushoto, kwa muda wa saa mbili na nusu, na mkono wa kulia ndio unaozungusha kamera.

Sisemi mnunue waya wa kampuni ya kamera peke yake. Wengi wetu hapa hatuuoni hata madukani, na ukiuona bei yake inakurudisha nyumbani. Nyaya za kampuni nyingine zinafanya kazi vizuri tu, ila ujue zinapokwama. Tundu la kamera mara nyingi limezama kidogo ndani ya bodi. Mtengenezaji wa waya anakivalisha kichwa koti nene la mpira, na koti lile linagota kwenye bodi kabla chuma hakijafika mwisho. Inabaki milimita moja nje. Kwa plagi ya redio milimita moja si kitu, lakini HDMI ina pini 19, na zile ndogo za kamera zinazibana zote kwenye upana wa sentimita moja au pungufu.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kosa si la kamera. Kile kifuniko cha mpira cha tunduni hupenda kujikunja chini ya kichwa cha waya na kukisukuma nje. Ukikivuta pembeni tu, wakati mwingine shida imekwisha. Kisha mulika tundu kwa tochi ya simu. Sisi tunapiga picha Raskazone, upepo wa bahari unatupuliza usoni, na chumvi na mchanga vinaingia humo bila hodi. Zima kamera, toa betri, safisha taratibu kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba kidogo yenye spiriti, acha pakauke. Sindano usiitie. Najua fundi fulani anaitia. Wewe usiitie.

Sasa ununuzi, nianze na HDMI kwa sababu ndiyo inayotuaibisha mbele za watu. Jua kwanza kamera yako ina tundu gani. Canon 700D na Nikon D7200 zina HDMI ya kati, ile inayoitwa mini. Sony a6400 na Canon R6 zina ile ndogo kabisa, micro. Hizi mbili haziingiliani hata kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayoharibu.

Chaguo langu la kwanza ni kipande kifupi laini, urefu wa shibiri moja, chenye kichwa kidogo upande wa kamera na tundu la HDMI ya kawaida upande wa pili. Unakichomeka, unakifunga kwa kamba kwenye mkono wa stendi, halafu waya mrefu wa kawaida unaunganika huko nje. Mjomba wa bwana harusi akikwaa waya, na atakwaa, unachomoka kwenye kiungo na tundu la kamera linabaki salama. Watu wanalalamika kwamba kiungo kimoja zaidi ni mahali pengine pa kuharibikia. Kweli, lakini kipande kile bei yake ni rahisi, mimi hutembea na viwili mfukoni. Kubadilisha tundu la kamera ni habari nyingine kabisa.

La pili ni waya mmoja mrefu wenye kichwa chembamba. Unafaa kamera isiyohama. Chagua unaokunjika vizuri: ule mgumu kama kamba ya jahazi unalivuta tundu kwa uzito wake wenyewe. Na usirefushe bila sababu, ukivuka mita 10 hivi waya wa kawaida huanza kukatakata picha hata kama vichwa vimekaa sawasawa.

La mwisho, na kwangu ni la kuachwa dukani, ni kile kiadapta kigumu kama kete ya dhumna kinachochomekwa moja kwa moja kwenye kamera, halafu waya mnene ukaning'inia nyuma yake. Kinafanya kazi ya mtaimbo. Kila waya ukitikisika, tundu linang'olewa kidogo.

Rimoti za kufyatulia zina hadithi yake. Canon ndogo kama 700D na 80D zinatumia kichwa cha mviringo cha milimita 2.5, mfano wa kile cha spika za masikioni lakini chembamba zaidi. Kichwa hicho kina sehemu tatu: ncha inafyatua picha, pete ya katikati inaamsha fokasi, shina ni la pamoja. Kwa hiyo ukibonyeza nusu kamera ikatafuta fokasi, ukibonyeza yote isipige, usikimbilie kusema rimoti mbovu. Huenda ncha haijafika mwisho. Ya kwangu ilikuwa hivyo. Nilichukua wembe, nikazungusha mpira wa kichwa kama ninayemenya muhogo, nikatoa utepe usiozidi milimita moja. Nikachomeka tena, safari hii kikaingia kwa mlio, “tak”, na picha ikapigwa. Mwaka wa tatu huu. (Kata mpira peke yake. Ukiona shaba umepitiliza.)

Ukinunua upya, tafuta rimoti ambayo waya wake unachomoka pande zote mbili. Kesho ukibadilisha kamera unanunua waya tu. Baada ya hiyo, naweka rimoti halisi ya kampuni ya kamera, hata ya mtumba, hasa kwa Canon 5D Mark III au 7D, ambazo tundu lake ni la pini tatu na kichwa kinajifunga. Kile cha halisi hata kikizeeka hakichezi. Nikon nazo zina vichwa tofauti: D5300 na D7200 zinatumia cha aina moja, D850 ina cha duara chenye pini 10. Ndiyo maana muuzaji akikwambia, “Inaingia kamera zote hiyo, ami,” mjibu kwa adabu, “Haya, tuijaribu hapa hapa.” Akisita, mrudishie. Tanga tunatajwa kwa “waja leo waondoka leo”, na nyaya za namna hiyo ndizo zinazostahili usemi huo.

Waya wa USB sitautolea maneno mengi. Kama ni kuhamisha picha tu, nunua kisoma kadi na tundu la kamera ulipumzishe. Anayeuhitaji kweli ni mwenye studio ya pasipoti anayeunganisha kamera na kompyuta siku nzima. Huyo aepuke waya wa kuchajia simu usiopitisha data, asivuke mita 5 kwa USB 2.0, na kama ana Nikon Coolpix ya zamani akumbuke kwamba nyingi zilitumia kichwa bapa cha pini 8. Kwa mbali kinafanana na USB mini ya pini 5, lakini hakiingii.

Unaagiza Kariakoo? Piga picha ya tundu la kamera yako, rula ikiwa pembeni, mtumie muuzaji. Mwombe naye akupigie picha kichwa cha waya kwa ubavu, uone koti la mpira lilivyo nene na chuma kilivyo kirefu. Mzigo ukishuka Kange, stendi yetu ya mabasi, nenda na kamera yenye chaji. Mimi huchomeka palepale juu ya kaunta ya ofisi ya basi, naushika waya kwa chini, nautikisa mara tatu, na muuzaji yuko kwenye simu anasubiri.