Geji ya upepo wa tairi: nimeinunua Lindi mjini, naifundishia PV = nRT, kanuni ya gesi (presha P, ujazo V, kiasi cha gesi n, joto T, na R, namba isiyobadilika)

Nimeitumia muhula mzima, kwa hiyo naweza kuisemea. Ni ile ya mviringo, ya mshale, shilingi 12,000, kwenye duka la spea za pikipiki jirani na stendi. Muuzaji aliniuliza, "Mwalimu, umenunua bodaboda?" Nikamwambia ni ya darasani, kemia, kidato cha tano. Akazijaribu tatu, akanipa ambayo mshale wake hausitisiti.

Asubuhi tuliweka pikipiki ya jirani yangu chini ya mwembe. Kipimajoto kilisoma nyuzi 24 za selsiasi, geji psi 30 (psi ni kipimo cha presha). Kisha tukaisogeza juani, na jua la Lindi mnalijua. Saa nane mchana kipimajoto tulichokibana kwenye tairi kilisoma 44. Kabla ya kupima presha niliwaambia wakokotoe: ujazo wa tairi haubadiliki sana, upepo ni uleule, kwa hiyo presha inapanda pamoja na joto. Wengi walichukua 30, wakazidisha kwa 44, wakagawa kwa 24, wakapata 55. Geji ikasoma 33.

Hapo ndipo shilingi 12,000 zangu ziliporudi. Nikaiweka geji mezani, mshale ukalala kwenye sifuri. Nikauliza, "Wanangu, hapa hakuna hewa?" Binti mmoja akajibu ipo, ila geji haiihesabu. Ndivyo. Hewa ya huku pwani inatukandamiza kwa takriban psi 14.7, na geji huanza kuhesabu juu ya hapo. Sifuri ya selsiasi nayo ni vivyo hivyo: maji yanaganda, lakini chembe za hewa bado zinakimbia. Basi 30 jumlisha 14.7 ni 44.7, na kwa kelvini (selsiasi jumlisha 273) nyuzi 24 ni 297, na 44 ni 317. Wakakokotoa upya: 47.7. Toa 14.7, inabaki 33. Miaka yote nilihimiza "geuzeni kuwa kelvini", wakaandika daftarini, na kwenye mtihani wakasahau. Safari hii hawajasahau.

Kasoro zipo. Kila ukiibana kwenye valvu inavujisha upepo kidogo, yaani n inapungua, kwa hiyo pima mara moja asubuhi na mara moja mchana, basi. Tena haina kPa (kilopaskali), nawe ukitaka kutumia R ya 8.314 unahitaji paskali. Nimebandika ukutani: psi 1 ni kPa 6.895.

Duka hilo lina nyingine ya shilingi 25,000, uso mpana, vipimo vyote viwili. Muhula ujao naichukua hiyo.